Gari Lisiloingiwa na Vumbi

Mume wangu alipokuja kuniposa, baba aliuliza anafanya kazi gani. Akajibiwa kwamba kijana anatengeneza bodi za magari kwa nyuzi za kioo na gundi. Baba alikuwa mkulima wa ngano na maharage kule juu, shamba la mwisho kabla ya msitu wa Ngorongoro, Mkristo wa siku nyingi, mtu wa jembe na ng'ombe. Alimtazama yule Mrangi wa Kondoa, kofia yake ya kufuma na viatu vyake vilivyogandwa na madoa, kisha akanigeukia na kusema kwa Kiiraqw, ili mgeni asielewe, kwamba heri ningeolewa na mganga, maana mganga angalau anatumia mizizi tunayoijua. Nikacheka kwa sauti mbele ya wageni, jambo ambalo binti wa kwetu hakutakiwa kulifanya. Nilikuwa na mdomo tangu utotoni, na kijana alikuwa amenipendeza.

Mambo ya dini yalichukua muda mrefu kuliko mambo ya gundi, lakini yaliisha, nikahamia Karatu mjini. Miaka ya sitini ilikuwa ndiyo imeanza. Mji wenyewe ulikuwa barabara moja na maduka pande mbili, wenye maduka wametoka kila upande wa nchi, na vumbi jekundu limelala juu ya kila kitu, hata juu ya chai ukichelewa kuinywa. Karakana yetu ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, na upepo wa mlimani uliingia na kutoka humo bila kubisha hodi.

Kazi ile alijifunza Mombasa, kwa watu waliokuwa wakiunda mashua za kisasa na matangi ya maji. Aliiita faiba. Kwanza hutengeneza umbo la kitu kwa mbao na magunia. Juu yake hutandika shuka za nyuzi za kioo, nyeupe, laini ukizitazama na zenye kuwasha ukizigusa. Kisha huchanganya gundi na dawa yake, anapaka kwa brashi, tabaka juu ya tabaka. Gundi ile hupata joto yenyewe, hukakamaa, na ukiigonga asubuhi yake inalia kama kwato. Madereva waliokuwa wakiteremka bonde la kreta na kupanda tena walimletea magari yenye madigadi yaliyoliwa na mawe, milango iliyopinda, dashibodi zilizopasuka. Mimi nilikuwa na cherehani. Nilishona viti na vitambaa vya ndani. Alichofunika yeye kwa faiba, mimi nilikivika nguo, na watu walizoea kusema pale kwa fundi gari linaingia uchi linatoka bibi harusi.

Adui yetu alikuwa baridi. Mombasa gundi ilikauka wakati fundi anakunywa maji. Karatu, mwezi wa Juni na Julai, ukungu ulishuka kutoka ukingo wa kreta ukakaa mjini mpaka karibu na adhuhuri, na gundi ikabaki inanata kama asali, siku nzima, siku ya pili, na vumbi likaja kujibandika juu yake. Nilimwona mume wangu akikwangua kazi ya wiki nzima kwa patasi. Siku kama hizo hata mimi nilinyamaza.

Dawa ya baridi aliipata kwetu. Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yangu alishuka kutoka shambani akaja kuniuguza. Alifunga dirisha, akafunga mlango, akaweka jiko la mkaa karibu na kitanda, kwa sababu kwetu mzazi hakai penye baridi. Anakaa ndani anaoteshwa moto mpaka mwili urudi. Mume wangu alichungulia chumbani, akaniona natoka jasho kwenye ubaridi ule wa Julai, akasimama pale mlangoni akifikiri. Nilidhani ananihurumia. Kumbe anafikiria gundi yake. Jioni ile aliingiza jiko ndani ya gari, akafunga milango, na asubuhi faiba ililia kama kwato. Akaja chumbani anacheka.

"Mama mkwe," akasema, "umenifundisha kazi. Huyu naye ni mzazi. Atakaa ndani aote moto."

Mama akafurahi, akamwongezea uji. Tangu hapo kila gari lililopakwa gundi kwetu liliitwa mzazi.

Sijui dalili ilianza lini hasa. Nakumbuka alianza kutoka ndani ya magari macho mekundu, anaegemea ukuta, anacheka kitu kisichochekesha. Nakumbuka alikuwa akiniambia chakula hakina chumvi, naonja nakuta chumvi imezidi. Kichwa kilimuuma kila jioni kwenye paji la uso, akakifunga kwa kitambaa. Siku moja alitapika nyuma ya banda akaniambia ni mihogo. Mihogo gani, nikamwambia, nyumba hii haijaona mihogo tangu mfungo. Akanuna. Majirani walisema fundi amelewa gundi, wakaona ni jambo la kuchekesha, wakamsalimu kwa kupepesuka. Mimi sikuona cha kucheka. Nilimpenda yule mtu, na nilikuwa namwona anaondoka kidogo kidogo wakati bado yuko hapo mbele yangu anakula.

Kisha kuku wangu akafa. Alikuwa na tabia ya kujificha kwenye magari atage juu ya viti vyangu. Aliingia kwenye gari moja lililokuwa mzazi, milango ikafungwa naye yumo, na asubuhi nilimkuta amelala juu ya kiti nilichokishona jana yake. Nilimshika miguu nikaenda kumweka mezani mbele ya mume wangu, wakati anafungua kinywa kwa chai.

"Haya, kitoweo hiki."

"Hakuchinjwa huyu," akasema.

"Hakuchinjwa. Na wewe je, utachinjwa au utakufa hivihivi?"

Alimtazama yule kuku kwa muda. Alipoinua uso nikaona kwamba safari hii ameogopa. "Gundi hiyo," akasema. "Harufu yake. Umesema kweli, mke wangu."

Akaniahidi, na ahadi aliitimiza. Tangu siku hiyo kazi yote ya gundi aliifanya nje, chini ya mwembe wa jirani—hapana, nasema uongo, mti wenyewe ulikuwa mgrivea. Miembe haipendi baridi yetu. Alichanganya nje, alipaka nje, aliacha vitu nje mpaka harufu ikakatika, ndipo akavifunga ndani ya gari. Makopo ya gundi akayahamishia kibanda cha mbali. Mimi nilinusa nguo zake kila jioni kama mke mwenye wivu. Nikatulia. Nilijiona nimeshinda.

Leo mtoto wa shule atakuambia kwamba mkaa unaowaka mahali palipofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Sisi tulijua moshi. Mkaa unaofuka moshi humwingizii mtu ndani, hilo kila mwanamke alilijua. Unaupepea nje mpaka uive, uwe mwekundu na majivu meupe juu, hapo hauna neno. Sote tuliitazama gundi, kwa sababu ilitoka mbali na ilinuka. Jiko lilikuwa mtu wa nyumbani. Hakuna aliyelitazama jiko, na lilibaki na kazi yake ileile, ya kumalizia ukaukaji ndani ya gari baridi ilipozidi.

Na magari yale yalikuwa makuukuu. Sakafu zina matundu, milango imelegea, vioo havifungi mpaka juu. Hewa ilipita. Nadhani hiyo ndiyo iliyomweka hai miaka ile yote: ubovu wa magari ya watu.

Ndipo akaja mfanyabiashara wa minada. Alikuwa mzee mnene mwenye sauti nyembamba, mwenye duka la nguo pale mjini, na alikuwa na Landrova ndefu aliyoitumia kufuata minada yote: anateremka Baray kuelekea ziwa Eyasi, anapanda anapita kreta mpaka Soitsambu, anarudi kwa njia ya Sale. Anauza mablanketi, shuka nyekundu, kaniki na shanga. Alitaka mambo mawili. La kwanza, muziki. Alikuwa na kipaza sauti cha pembe juu ya gari, lakini alisema kinapiga kelele kama punda mpaka ng'ombe wanakimbia. Alitaka spika ndani ya gari, kwenye makasha yake maalumu, sauti nene, tamu, ili akifungua milango ya nyuma watu waje wenyewe. La pili, vumbi. Mashuka yake yalifika Soitsambu yana rangi ya udongo.

"Fundi," akasema kwa kale kasauti kake, "nitengenezee gari lisiloingiwa na vumbi. Ukiweza hilo, wewe huna mwenzio mpaka Arusha."

Ni afadhali angemtukana. Mume wangu hakuwa mtu wa tamaa, lakini sifa ilikuwa inamwingia haraka kuliko baridi. Alikubali palepale.

Alianza na makasha. Alivuta magunia juu ya fremu za mbao mpaka yakakaza kama ngoma, akayapaka, akayapiga msasa, akayapaka tena. Alisema kasha la spika likivuja hewa, sauti inakuwa ya mgonjwa. Alikuwa akiweka sikio kwenye kasha, kichwa amekilaza, macho amefumba, anagonga kwa kidole na kusikiliza. Angeweza kukaa hivyo nusu saa. Mtoto alimwiga, akaweka sikio kwenye sufuria, tukacheka mpaka machozi. Zile zilikuwa siku nzuri, nasema kweli, na ndani ya uzuri wake kulikuwa na kitu kilichonikosesha usingizi ambacho sikuweza kukipa jina.

Kisha akageukia gari. Aliondoa kila kitu ndani, akatafuta matundu akiwa amelala chali na tochi. Kila tundu aliliziba. Alitengeneza paneli za faiba za ubavu, za dari, za sakafu, zikaingiliana kama vifuniko vya bakuli. Alibandika mipira kwenye milango. Alipomaliza aliniingiza ndani akafunga. Masikio yangu yaliziba. Nilisema neno, na neno likafia mdomoni. Niliona mume wangu nje ya kioo anachekelea, midomo inacheza, simsikii. Nikagonga kioo kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

"Silipendi," nikamwambia aliponifungulia.

"Hulipendi nini?"

"Sijui. Linabana."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema, na akanipangusa vumbi la msasa kwenye nyusi. Mume wangu kwa methali! Alikuwa nayo moja kwa kila siku ya wiki.

Walilijaribu. Alitandaza kitambaa cheupe kitini, wakalifuata lori la Oldeani ndani ya wingu zima la vumbi, wakarudi. Kitambaa kilikuwa cheupe vilevile. Mfanyabiashara alikizungusha mjini duka hadi duka kama shahada ya ndoa. Mama yangu, ambaye alikuwa ameleta maziwa siku hiyo, alizunguka gari lile mara nyingi lakini kuingia hakuingia.

"Nzi akiingia humu," akaniuliza kwa Kiiraqw, "atatokea wapi?"

Nikamtafsiria mume wangu. Akacheka sana. "Mwambie mama hata nzi hataingia."

Siku ya kulikabidhi gari ilikuwa ya Julai, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilisikia ng'ombe wakipita barabarani bila kuwaona. Mwenye gari alitaka kuondoka mchana kwenda Sale. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa ukingo wa kasha moja la spika, mahali nilipomaliza kubandika kitambaa jana yake. Baridi iliukataa. Ukiweka kidole, kinanata.

Alikunywa chai, akala kiporo cha wali, akasema leo kina chumvi. Nikafurahi. Akapepea jiko mwenyewe, nje, bila haraka, mpaka moshi wote ukaisha na mkaa ukawa na majivu meupe. Alikuwa mwangalifu hivyo. Aliliweka ndani nyuma, juu ya bati, karibu na ule ukingo unaonata. Aliinama akanusa kasha.

"Njoo unuse na wewe," akaniambia, "usije ukanipigia kelele."

Nikanusa. Hapakuwa na harufu ya gundi kabisa. Harufu ya kitambaa kipya tu na ya mkaa mzuri. Nikamwambia haya, akaingia upande wa mbele kujaribu spika, akafunga mlango. Mlango ule ulifunga bila mshindo, kama mtu anayemeza.

Akawasha redio. Sijawahi kusikia kitu kama kile, wala sitasikia. Muziki ulitoka kupitia kuta za gari, mnene, wa chini, tukausikia tumboni kabla ya masikioni. Vikombe vyangu vilitetemeka mezani. Watu walianza kutokea ndani ya ukungu: wenye maduka na kofia zao, wanawake waliokuwa wakienda sokoni na mizigo, Wamasai wawili na ndama wao. Walisimama kulizunguka gari kwa heshima. Nami nilisimama mlangoni, mikono ina unga, mtoto ameshika kanga yangu, nikajisikia mke wa mtu mkubwa. Nilikuwa na furaha. Ningependa kusema moyo ulinishtuka, lakini haukunishtuka hata kidogo.

Vioo vilikuwa vimepata ukungu kwa ndani. Tulimwona kama kivuli: amelaza kichwa, sikio kwenye kasha la mlangoni, anasikiliza kama kawaida yake.

Muziki ulikwisha, ikaja habari. Watu walingoja atafute stesheni nyingine. Hakutafuta. Kijana wa duka la mafuta akagonga bodi kwa kiganja.

"Fundi! Turudishie muziki, bwana! Habari tutasoma!"

Watu wakacheka. Mwingine akasema fundi sasa ni mtu wa siasa. Mimi mwenyewe nikapaza sauti nikasema mwacheni, akiweka sikio pale hata mwanawe akilia hasikii. Wakacheka zaidi. Habari zikaisha, yakaja mazungumzo ya kilimo, mtu wa redio akaeleza kwa utaratibu namna ya kuhifadhi mahindi ghalani. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Kivuli hakikugeuza kichwa.

Mwenye gari ndiye aliyekuja na kufungua mlango. Hewa ya joto ilitoka, na sauti ya mahindi ikatoka nayo kwa nguvu, na mume wangu akateleza taratibu kuelekea kwake. Mzee akamdaka kifuani, akasema, "Fundi amesinzia." Nilisogea. Uso wa mume wangu ulikuwa mwekundu, umenawiri, mashavu yana damu. Sikuwa nimemwona na afya vile kwa miaka. Kwa muda wa pumzi moja nilishukuru Mungu.

Kisha nikaushika mkono wake.

Walimlaza chini, wakampepea, mtu akammwagia maji. Redio iliendelea. Nilikimbilia kibanda cha mbali nikayapiga mateke makopo ya gundi, nikayapindua moja baada ya jingine, gundi ikatapakaa kwenye majani, nikailaani kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw. Nilisema imeniua. Wanawake walinishika. Wakasema ndiyo mwanangu, gundi, tulikuwa tunasema siku zote, gundi ile ni shetani. Mtu mmoja alitoa jiko ndani ya gari akaliweka kando ya ukuta wetu lisije likaunguza paneli.

Tulimzika kabla ya magharibi, maana Waislamu hawacheleweshi maiti, na ukungu ulikuwa umerudi. Mimi nilikuwa natetemeka, meno yanagongana. Mama yangu alikuwa amefika kutoka shambani, ametembea njia nzima bila viatu. Aliniingiza chumbani na wanawake wengine. Walinifunika blanketi, wakamlaza mtoto karibu yangu. Mama akasema huyu atashikwa na homa. Jirani akatoka, akaliokota jiko pale ukutani, akaongeza mkaa, akaupepea nje mpaka ukaiva vizuri, akaniletea. Wakafunga dirisha. Wakachomeka vitambaa kwenye nyufa za ukuta upande wa upepo, wakatoka, wakauvuta mlango nyuma yao ili baridi isiniingie.

Nilikuwa nasikia baridi kweli. Nikamsogeza mtoto karibu na moto, nikanyoosha mikono nikaota.